Umepata ajali: Haki yako umkabidhi wakili gani?



Mwezi uliopita, baada ya vipindi vya alasiri, alinisubiri nje ya darasa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu. Mumewe alikuwa fundi seremala. Miaka miwili iliyopita alipanda bodaboda akitoka kazini, wakagongwa na lori katika Barabara ya Mandela, akalazwa siku tisa kisha akafariki. Ameacha watoto wanne. Mama yule alinipa bahasha ya kaki akaniambia, "Ustadhi, naomba unisomee hizi karatasi. Shemeji yangu kazipata kwa shida, na sote Kiingereza hatukijui."

Nilizisoma mara mbili ili nijiridhishe. Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya uwakilishi, yenye dole gumba la mama huyu na sahihi ya shemeji yake ambaye ndiye msimamizi wa mirathi. Hati hiyo ilimpa mtu fulani mamlaka ya kudai, kupatana na kupokea fedha kwa niaba ya familia. Karatasi ya pili ilikuwa ya kampuni ya bima ya lile lori, ikieleza kuwa familia imepokea shilingi milioni 9 na kwamba haina dai lingine lolote juu ya ajali hiyo. Nikamuuliza, "Mama, wewe ulipewa ngapi?" Akajibu: milioni 2, kwa mafungu mawili, na akaambiwa zilizobaki zimeliwa na gharama za mahakama. Kesi mahakamani haikuwahi kufunguliwa.

Mtu huyo alimpataje? Alikuja wodini siku ya nne, mgonjwa akiwa bado hajitambui. Alivaa koti na tai, mkononi ana faili, kichwani kofia ya kiua. Alitoa salamu kamili ya Kiislamu, akamwombea dua mgonjwa, kisha akasema yeye ni mwanasheria na hatataka hata senti moja mpaka fedha zipatikane. Nilipotafuta jina lake katika orodha ya mawakili halikuwemo. Ni mmoja wa wale ambao watu wa mahakamani huwaita vishoka.

Habari hii niliieleza barazani baada ya swala ya Isha bila kutaja jina la mtu. Majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mzee mmoja alisema, "Hiyo ni qadari ya Allah. Mtu akishakufa, fedha za nini? Na zenyewe za bima!" Kijana mmoja akasema, "Kosa lake ni kutotafuta wakili Muislamu wa kweli." Wengi waliitikia kwa vichwa. Kwa heshima zote kwa wazee wangu na ndugu zangu, naona majibu yote mawili yana walakini, na kwa kuwa ajali hazituishi mijini mwetu, ni vema tukayatazama.

Tuanze na qadari. Hapana Muislamu anayekataa kuwa ajali imo katika elimu na makadirio ya Allah. Lakini ni Allah huyo huyo ambaye katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, amezungumzia mtu anayeua kwa kukosea bila kukusudia, na akaamuru jamaa wa marehemu wakabidhiwe diya, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Tafakari mpangilio huo. Haki inathibitishwa kwanza, kisha mwenye haki ndiye anayeachiwa mlango wa kusamehe. Huwezi kusamehe usichokijua, na huwezi kumsamehe mtu kwa fedha ambazo tapeli amekwisha kuzila. Tena watoto wa marehemu huyu wote hawajabaleghe. Walii wa yatima hana ruhusa ya kisheria kutoa bure mali ya yatima, sembuse kuizembea mpaka ikapotea. Onyo la aya ya 10 ya sura hiyo hiyo juu ya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma tunalijua sote.

Lipo tukio katika Bukhari na Muslim ambalo kila nikilisomesha wanafunzi wangu hucheka, kisha hunyamaza. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl walipigana, mmoja akamrushia mwenziwe jiwe, akamuua yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Mtume (s.a.w) akahukumu kuwa kuna fidia ya mtoto yule, na kuwa diya ya mama italipwa na jamaa za aliyeua. Akainuka mtu wa upande wa walipaji, akapanga maneno yake kwa vina vitamu, akidai kuwa hawezi kulipia kiumbe ambacho hakijala, hakijanywa wala hakijalia. Mtume (s.a.w) alimfananisha na makuhani kwa usanii wake wa maneno, na hukumu haikubadilika. Kwa hiyo ufasaha wa kumnyima fidia mtu aliyedhurika haukuanza na mawakili wa kampuni za bima wa leo. Nao wanaopuuza fidia kwa jina la uchaji waangalie wasije wakawa wanamtetea yule fasaha wa Hudhayl bila kujua.

Ama suala la bima, hoja ya mzee haikutoka hewani. Baraza la Kimataifa la Fiqh la Jeddah katika kikao chake cha mwaka 1985 lilisema kuwa bima ya kibiashara ya malipo maalum haifai kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Lakini marehemu wetu hakuweka mkataba wowote na kampuni ya bima. Aliyeweka ni mwenye lori, tena kwa kulazimishwa na sheria ya nchi, inayotaka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Marehemu anamdai aliyemuua. Aliyemuua analipiwa na nani, hilo ni baina yake na mlipaji wake. Baraza hilo hilo, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, lilieleza kuwa dereva anawajibika kwa madhara anayowasababishia wengine barabarani, na mwaka 2005 huko Dubai lilijadili namna wajibu wa jamaa wa kulipa diya, yaani 'aqila, unavyoweza kubebwa na taasisi za zama zetu. Hivyo mjane asitishwe kwa neno la haramu na mtu ambaye mwenyewe anaendesha gari lenye stika ya bima hiyo hiyo.

Tuje kwa yule kijana aliyesema wakili Muislamu. Jambo hili ni zito zaidi kwa sababu mama yule alitapeliwa kwa kofia na salamu. Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s), alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu (Rejea Qur'an 28:26). Nguvu ya mchungaji ni mwili wake. Nguvu ya wakili ni elimu ya sheria na uzoefu wa kazi ile unayompa. Na Mtume (s.a.w) alipohama kutoka Makka, siku ambayo maisha yake na ya Abubakar (r.a) yalikuwa hatarini, wakati Makuraishi walikuwa wakimtafuta kila upande, alimkodi Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia. Bukhari ameipokea habari hii, na inaeleza wazi kuwa mtu huyo alikuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikuraishi. Lakini alikuwa bingwa wa njia za jangwani, na walimwamini. Walimkabidhi ngamia wao, wakamuahidi wakutane naye kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Akaja.

Kwa mantiki hiyo, ukimpata wakili Muislamu mwenye nguvu na uaminifu, alhamdulillah, mpe kazi, na wapo wengi. Lakini ukimchagua kwa kofia yake peke yake, hujafuata Sunna, umefuata ushabiki. Na asiye mwenzako katika dini akiwa hodari na mwaminifu, hakuna ubaya kumpa kesi ya ajali.

Nguvu hiyo utaijuaje wewe ambaye hukusoma sheria? Mimi mwenyewe sikuisoma, nimesoma masomo ya Kiislamu, na haya nimeyapata kwa kuuliza wanaojua. Muulize kesi ngapi za ajali amezisimamia yeye mwenyewe, kwani wapo mawakili hodari wa viwanja au wa mikataba ambao mambo ya ajali ni mageni kwao. Muulize muda wa kufungua madai ni upi. Kwa Tanzania Bara, dai la madhara ya namna hii lina miaka mitatu tangu kutokea, na anayesitasita kujibu swali hilo usimpe kesi. Muulize kampuni ya bima itaarifiwa lini, maana sheria inataka ipewe taarifa ya kesi, na ikikosa taarifa hiyo inaweza kukwepa kulipa hukumu hata kama umeshinda. Kama gari lililogonga ni la serikali, muulize kuhusu notisi ya siku 90 inayotakiwa kabla ya kushtaki. Kama aliyeumia alikuwa kazini, muulize juu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Huko mfanyakazi au wategemezi wake wanadai kwenye Mfuko wenyewe, na mara nyingi hawana haja ya kesi ndefu.

Jambo jingine analopaswa kulijua ni nani hasa mteja wake. Mtu akifa, madai hufanywa kwa ajili ya wategemezi wake, yaani mke au mume, watoto na wazazi, na kwa kawaida huhitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Msimamizi si mmiliki. Hapa ndipo shemeji wengi wanapoteleza, wengine kwa ujinga na wengine kwa tamaa. Imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Umar bin Khattab (r.a) mwanzoni aliona kuwa mke harithi kitu katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomjulisha kuwa Mtume (s.a.w) alimwandikia barua amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Umar, pamoja na ukubwa wake, akaiacha rai yake. Basi familia inapokaa na wakili, mjane awepo kikaoni, aulize, na ajibiwe kwa lugha anayoielewa.

Uaminifu nao una alama zake. Wakili wa kweli ameandikishwa Mahakama Kuu, na kila mwaka huhuisha leseni yake. Siku hizi Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili ambao mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuandika jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Ni jambo la dakika mbili. Wanaume wetu hupoteza nusu saa wakikagua simu ya mtumba kabla ya kuinunua. Aidha, maadili ya uwakili yanakataza kuzunguka kutafuta wateja, hivyo yule anayekufuata kitandani wodini au msibani kabla ya arobaini, hata akiwa na leseni halali, amekwisha kukuonyesha tabia yake. Ofisi yake iwe na anwani. Fedha unayotoa iwe na risiti. Karatasi unayosaini ubaki na nakala yake, na kama imeandikwa Kiingereza usisaini siku hiyo hiyo. Ichukue nyumbani, msomewe. Katika Aya ya Deni, Suratul-Baqara aya ya 282, Allah ameamuru maandishi, akaamuru mwandishi aandike kwa uadilifu, na akataja mtu ambaye ni dhaifu au hawezi kutamka mwenyewe yaandikwe nini, kwamba walii wake amtamkie kwa uadilifu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inazungumzia karatasi, nasi Waislamu tunaweka dole gumba gizani!

Iangaliwe zaidi hati ya uwakilishi yenye neno la kupokea fedha. Huhitaji kumpa mtu mamlaka ya kupatana na kupokea bila kukuuliza. Sema wazi kwa maandishi kuwa hakuna mapatano yatakayofanywa kabla hujaambiwa kiasi na kukubali wewe mwenyewe. Na karatasi ya kampuni ya bima inayosema umelipwa na huna dai tena, hiyo ndiyo ya mwisho. Ukishaisaini umefunga mlango, na kuufungua tena ni kazi ngumu.

Juu ya malipo, watu huniuliza sana kama inafaa kumuahidi wakili fungu la fedha zitakazopatikana. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, ujira wa kazi hutakiwa ujulikane, na kusema "theluthi ya kitakachopatikana" kuna utata kwa sababu hakijulikani kitakuwa kiasi gani, au kama kitakuwepo. Wapo wanavyuoni, hasa wa Hanbali, waliolegeza katika mambo ya namna hii. Mimi si mufti, na sitoi fatwa gazetini. Ninachoshauri ni kuwa kilicho salama zaidi ni kiasi kinachotajwa, kinacholipwa kwa hatua, na kilichoandikwa. Zipo kanuni za serikali za mwaka 2015 kuhusu malipo ya mawakili, kwa hiyo usione haya kumuuliza wakili ametumia hesabu ipi. Na baada ya hapo mlipe. Wapo ndugu zetu ambao kesi ikishinda huanza kumkwepa wakili, simu hawapokei. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, mtu aliyemwajiri mwenzake, akachukua kazi yake yote kisha asimlipe ujira, ni miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Asiye na uwezo kabisa anaweza kwenda kwenye vituo vya msaada wa kisheria, ambavyo vinatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mfano mmoja.

Sasa nina neno kwetu sisi wadai, na hili barazani hakuna aliyeligusa. Kishoka hana soko asipopata mteja anayetaka ujanja. Wapo wanaomtafuta wakili "anayejua kupika". PF3 iongezwe majeraha, aliyekuwa nyumbani amelala aandikwe kuwa alikuwa abiria, mguu uliopona uendelee kufungwa bandeji mpaka siku ya shauri. Aya za 105 mpaka 112 za Suratun-Nisaa, kwa mujibu wa wafasiri, ziliteremka kwa sababu ya watu wa ukoo wa Ubayriq wa Madina. Mmoja wao aliiba deraya, tuhuma ikasukumiwa kwa Yahudi asiye na kosa, na jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w) kumtetea mwizi kwa maneno mazuri. Allah akamkataza Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini, na akamtoa Yahudi yule hatiani. Mtume (s.a.w) mwenyewe, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a) iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliwatahadharisha waliokuja kushtakiana kwake kuwa yeye ni binadamu, huenda mmoja wao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, na akamhukumia haki isiyo yake. Basi ajue kuwa amekatiwa kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume haimhalalishii mtu asichostahiki, hukumu ya hakimu wa Kisutu itamhalalishiaje? Wakili akikuahidi ushahidi ambao haupo, muage kwa adabu uondoke. Anayekubali kumwibia mwenye lori kwa ajili yako, kesho atakuibia wewe.

Na usiulize kwa nini jambo hili lisipelekwe kwa kadhi. Kadhi wa Zanzibar na wa Kenya wana mipaka yao katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Kwa Bara, maamuzi ya kadhi wetu hayana nguvu ya kisheria. Fidia ya ajali iko katika mahakama za kawaida, na huko ndiko tunakopaswa kwenda tukiwa tumejiandaa.

Mama yule tumempeleka kwa wakili mwanamke, si Muislamu, ambaye jina lake tulilihakiki kwanza. Alizisoma zile karatasi kimya kwa muda mrefu. Hakutuahidi kitu. Alisema mapatano yaliyokwisha kusainiwa ni mwamba mgumu, kwamba kwanza anataka aone nakala halisi kutoka kampuni ya bima, kwamba yule aliyejifanya mwanasheria ni suala la polisi, na kwamba katika ile miaka mitatu bado ipo miezi kumi tu. Alitaja ada ya kusoma faili, akapokea, akakata risiti. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini risiti ni ya nini, nikamwambia aitunze.

Wameagizwa warudi Jumatano ijayo saa tatu asubuhi na cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki ya yule dereva. Shemeji ataongozana naye. Mwanafunzi wangu nimempa ruhusa asije darasani siku hiyo, kwa sababu yupo kidato cha tatu na Kiingereza anakisoma vizuri.